Masaa Kumi na Sita Kando ya Mkwe

Jina la mkwe wangu sitalitaja, na usidhani namficha. Nilivyolelewa, mwanamke hatamki jina la mume wa binti yake, hamshiki mkono, hali chakula mbele yake, na akimwona anakuja kwa njia nyembamba, anaingia ndani ya majani chai ampishe. Mama yangu aliishi miaka mingi boma jirani na mume wa dada yangu mkubwa na sidhani waliwahi kutazamana machoni. Mimi ni mtu wa kanisa, nimesoma mpaka darasa la saba, nina simu ya kugusa, na hayo mambo nilikuwa nayacheka waziwazi tukiwa kituoni na akina mama wenzangu tukingoja lori la majani. Nilikuwa nawaambia hizo ni habari za zamani. Halafu mkwe akija kutoka kwao Merigi kutusalimia, mimi huyo jikoni, mlango nimerudisha, chai namtumia kwa mkono wa wifi yangu.

Ninayosimulia yalinipata angani, mwezi wa Julai, kati ya uwanja wa ndege wa Doha na ule wa Dallas, nikiwa na miaka hamsini na minane. Lakini yalianzia mguuni, kwa hivyo acha nianze na mguu.

Mwaka mmoja kabla ya safari nilipasuliwa tumbo, na nikiwa bado hospitalini mguu wa kushoto ukafura kutoka goti kwenda chini, ukawa moto na mgumu. Damu imeganda ndani, walisema. Kitanda cha jirani alikuwa mama mmoja kutoka Chepseon, mfanyabiashara wa viazi, mcheshi sana, naye ana ugonjwa huohuo. Siku ya tano aliketi, akasema leo nasikia vizuri, niletee chai. Alipokea kikombe, akakohoa mara moja, akageuza kichwa kama mtu aliyeitwa kwa nyuma. Kikombe kilianguka kabla yake. Wauguzi walinieleza baadaye kwamba kipande cha ile damu kilikatika mguuni kikapanda mpaka kwa mapafu. Mimi nilipona, nikarudi nyumbani karibu na Litein, nikachuma majani yangu kama kawaida. Lakini tangu siku hiyo mguu wangu nauogopa kama mbwa wa jirani. Najua uko hapo umelala, sijui utaamka lini.

Basi binti yangu, aliye Amerika na mumewe miaka tisa sasa, akapata mimba, na madaktari wa huko wakampangia siku ya kupasuliwa. Akanipigia simu akilia. Mama, nani atanioshea mtoto? Ungejibu nini? Mwezi huohuo mkwe akafiwa na babake, akaja kwao Merigi kuzika, na binti yangu akaona amepata dawa ya shida zote. Akanikatia tiketi niende na mumewe kwa ndege moja, ili nisipotee huko njiani. Alikuwa amefikiria vizuri kabisa. Ila alikuwa amekaa ugenini muda mrefu.

Nilienda kwa daktari wangu kuuliza kama mguu utaruhusu. Mume wangu alinisindikiza na tiketi kwenye bahasha ya kaki. Lazima ujue kwamba mume wangu alikuwa karani wa kupima majani kwa miaka ishirini na sita. Akikwambia gunia lina uzito fulani, hata mwenye mizani anaamini.

"Ndege inachukua masaa mangapi?" daktari akauliza.

"Ya kwanza ni matano," mume wangu akasema, kidole kikiwa juu ya karatasi. "Ya pili inatoka saa mbili asubuhi, inafika saa kumi jioni, siku hiyohiyo. Manane."

Daktari akafikiria. Akasema ingekuwa zaidi ya hapo angenidunga sindano ya kufanya damu iwe nyepesi, lakini kwa matano na manane yenye pumziko katikati, nitaweza. Akanipa soksi za kubana. Akanionya mambo matatu: kila lisaa nisimame nitembee, maji ninywe kama ng'ombe, na nisikae na njaa. "Usikae tu hapo kama mgeni wa harusi, mama," akasema. Nikacheka. Nilitoka hapo nimetulia.

Safari ya kwanza haikuwa na neno. Niliketi na mama mmoja wa Nyeri anayeenda kwa kijana wake, mkwe akiwa viti vya nyuma kabisa. Kila lisaa nilisimama. Maji niliomba mpaka mhudumu akaanza kunicheka. Tulipofika Doha, mkwe alitangulia, mimi nikafuata mkoba wake mwekundu kwa hatua ishirini hivi. Hakugeuka hata mara moja, lakini kila kona alikuwa anainama kufunga kamba za viatu mpaka nifike karibu. Viatu vyake havikuwa na kamba. Nikasema moyoni, huyu kijana amelelewa.

Kisha tukapanda ndege ya pili na nikaona pale binti yangu alipotuweka.

Viti vilikuwa viwili tu, vimeshikana. Changu dirishani, chake njiani. Katikati yetu kulikuwa na chuma cha kuwekea mkono, upana wa mwiko. Mkwe alisoma namba ya kiti, akasoma karatasi yake, akasoma namba tena. Akaenda kuongea na mhudumu, nikaona mhudumu akitingisha kichwa, ndege imejaa. Alisimama njiani mpaka akaamriwa kuketi. Akaketi ukingoni kabisa, bega moja likiwa nje, akajifunika blanketi mpaka kichwani. Mimi nikageukia dirisha. Nilikuwa nimebana viwiko kwa mbavu kama kuku aliyefungwa.

Sasa hesabu mwenyewe. Ili nisimame, yeye lazima asimame kwanza, au nimruke magoti. Mama mkwe kuruka magoti ya mkwe, hilo hata usilifikirie. Na kumwomba asimame ili mimi niende chooni, maneno hayo yangetokea wapi? Kwa hivyo sikunywa maji, maana maji yangenipeleka huko. Chakula kilipoletwa, sikugusa, maana sili mbele yake, na yeye hakugusa, maana hali mbele yangu. Sahani mbili zilirudi na vifuniko vyake. Mambo matatu ya daktari yakawa yameisha yote kabla ya saa tano asubuhi, na mimi nikiyaona yanavyoisha.

Niliogopa, lakini bado ni woga wa kuweza kuongea nao. Ni masaa manane tu, nilijiambia. Nimewahi kuchuma masaa manane na mvua mgongoni. Nitavumilia.

Kitu kimoja kilinishangaza. Kila lisaa simu ya mkwe ilikuwa inatetemeka chini ya blanketi, naye anaamka, anaenda nyuma kule karibu na vyoo, anakaa dakika kumi, kumi na tano, ndio anarudi. Nilimhurumia. Nilidhani tumbo linamsumbua, pengine ni chakula cha matanga. Utaniuliza, kiti kikiwa wazi hivyo mbona hukuinuka? Kwa sababu njia ya ndege ni nyembamba, na choo kiko kulekule aliko. Ningekutana naye kifua kwa kifua, mlangoni mwa choo, na hakuna majani chai ya kuingia. Ngoja arudi kwanza, nilisema. Akirudi anaketi, na njia imefungwa tena. Hivyo mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya saba.

Saa yangu ya mkono ilikuwa bado na majira ya nyumbani, na Doha majira ni yaleyale yetu. Ilipofika saa saba hivi mchana, nilisikia kitu kwenye shavu la mguu wa kushoto. Hakikuwa uchungu bado. Ilikuwa kama mtu ameweka kidole hapo akasahau kukitoa. Saa nane kidole kikawa ngumi. Niliingiza mikono chini ya blanketi nikashika mguu huu na huu, nikalinganisha. Wa kulia ulikuwa wa kawaida. Wa kushoto ulikuwa umeshiba ndani ya soksi, na joto lake nililijua. Nililijua kama sauti ya mtu.

Hapo niliacha kuongea na woga, ukanishika. Niliomba, lakini maombi yalikuwa yanakatika katikati, kila nikifika "Baba" namwona mama wa Chepseon na kikombe. Nikaanza kuhesabu dakika badala ya masaa. Saa tisa. Saa tisa na robo. Bado kidogo, nilijiambia, ndege itainama, tutashuka, nitaona watu wa hospitali, binti yangu atakuwa hapo. Nikachungulia dirishani kutafuta mji. Chini kulikuwa na barafu, nyeupe, imepasuka pasuka, bila barabara, bila moshi wa jiko hata mmoja. Na jua lilikuwa palepale. Tangu asubuhi lilikuwa halijaenda popote. Kwetu jua likikuchoma kisogo unajua ni saa ngapi bila kuuliza mtu. Hili lilikuwa limesimama tu likitutazama, na nilianza kuliogopa nalo pia.

Saa kumi jioni ikafika. Hakuna aliyejiandaa kushuka. Wahudumu walipita wakifunga madirisha ili watu walale.

Nikasema hapana, kuna kitu. Mbele yangu kulikuwa na skrini ndogo ambayo sikuwa nimeigusa. Niliigusa, ikatoa picha za filamu, nikaigusa tena, ikatoa ramani. Kulikuwa na kandege kadogo juu ya nchi nyeupe, na nyuma yake mstari tuliotoka nao, na mbele mstari mwingine. Mistari yote miwili ilikuwa sawa. Chini kumeandikwa kilomita elfu sita na kitu. Nilidhani ni tulizomaliza. Nikasoma mara ya pili polepole, kidole kikifuata, kama nilivyofundishwa darasani. Zilikuwa zilizobaki. Na pembeni: masaa manane na dakika tatu, yaliyobaki.

Ndipo nikaelewa. Saa kumi iliyoandikwa kwenye tiketi ilikuwa saa kumi ya Dallas. Kule kukiwa saa kumi jioni, kwetu Litein ni saa sita usiku. Mume wangu alikuwa ametoa mbili kwa kumi akapata nane, na hesabu ilikuwa safi kabisa, hakuna aliyekosea kutoa. Kwetu saa ni moja, hapa na Mombasa. Hakuna hata mmoja wetu, hata daktari, aliyefikiria kwamba jioni zaweza kuwa mbili. Ilikuwa safari ya masaa kumi na sita, na sindano ya masaa kumi na sita ilikuwa imebaki kabatini.

Nilikuwa nimemaliza nguvu zangu zote kwa nusu ya njia. Kutoka kwangu mpaka hospitalini ni dakika arobaini, hata mvua ikinyesha. Hapa, nyuma ni masaa manane na mbele ni masaa manane. Nilijiuliza, mtu akifia hapa, wataandika alifia wapi? Nilianza kusikiliza kifua changu. Kila pumzi niliisikiliza ikiingia, nikaisikiliza ikitoka. Koo likaniwasha na nikazuia kikohozi kwa nguvu zote, kwa sababu yule mama alikohoa mara moja tu.

Mkwe alikuwa hapo chini ya blanketi lake, sentimita chache, na hajui kitu. Nilifungua mdomo mara tatu. Nimwite nani? Jina siwezi. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa sijamwita chochote. Nilikuwa naogopa kufa na bado naona haya, na sijui ni ipi ilikuwa kubwa, huo ndio ukweli wangu. Kisha ndege ikatikisika, na mguu ukanichoma kutoka kifundoni mpaka gotini.

"Mwanangu," nikasema.

Blanketi lilitoka kichwani mara moja. Hakuwa amelala. Macho yalikuwa mekundu, na yalinitazama usoni, mara ya kwanza.

"Mguu umefura," nikamwambia. "Naogopa nitakufa."

Hakuuliza mguu gani. Alibonyeza kitufe cha taa, akaona hawaji haraka, akakimbia mwenyewe. Walitangaza kwa kipaza sauti wakitafuta daktari, na akatokea mama mmoja mzungu, mwembamba, nywele zimeenda kila upande kwa usingizi. Alipiga magoti njiani, akavua soksi yangu, akazungusha uzi kwenye mguu huu, kisha huu. Akamwonyesha mhudumu tofauti. Mimi Kiingereza nasoma kuliko kusikia, na chake kilikuwa cha puani, kwa hivyo kila swali lilibidi lipite kwa mkwe.

Hayo maswali, wueh. Niliwahi kupasuliwa nini? Hedhi ilikatika lini? Mara ya mwisho kwenda haja ndogo ni lini? Mkwe alikuwa anayatafsiri akitazama zulia, jasho linamtoka, na mimi najibu nikitazama dirisha lililofungwa. Hata hivyo alitafsiri lote, hakuruka hata moja. Mwishoni daktari akauliza swali ambalo nililielewa bila msaada. Kwa nini hakusimama masaa yote hayo? Ungeanzia wapi kumweleza yule mama? Mkwe akamwambia tu, ni makosa yetu.

Walinipa kidonge nitafune, wakanibana kidole na kidude cha kupima pumzi, wakawaomba wawili wa safu ya mbele wabadilishane viti nasi, nikae mguu ukiwa juu. Daktari akaongea na rubani. Mkwe akanieleza. Uwanja wenye hospitali nzuri ulikuwa mbali, zaidi ya masaa mawili, na pumzi yangu kwa sasa ilikuwa sawa, kwa hivyo tutaendelea. Lakini ikibadilika watashuka popote. Dawa yenyewe ya kuzuia damu isipande hapo hawana. Kilichobaki ni kuchunga.

"Wanachunga nini?" nikauliza.

"Amesema uongee, mama. Usinyamaze, usilale. Mtu akiongea, pumzi ikipungua inasikika haraka. Ukianza kukata maneno nimwite." Akavuta blanketi lake magotini. "Amesema mimi ndio niongee na wewe, mpaka tufike."

Masaa saba. Mimi na yeye, ambao kwa miaka tisa hatukuwa tumeongea maneno ya kujaza kijiko.

Tulianza vibaya. Akaniuliza majani yanaendelea aje. Nikasema Julai ni baridi, majani hayaamki. Akasema kwao pia. Tukanyamaza. Akaogopa kile kimya, nikaona anaangalia kifua changu kisha anajilazimisha kuangalia pembeni, na akauliza: "Mama, uko?"

"Niko," nikasema.

Akaniuliza ng'ombe ni wangapi. Nikamtajia mmoja mmoja, na tabia zao. Akaniuliza ni nani aliyenifundisha kuchuma. Nikamweleza mama yangu, jinsi alivyokuwa akipekua kikapu changu na kutupa kila jani kubwa, na kunigonga vidole. Kila nikipumzika kutafuta neno, anasema, mama, uko? Nami nasema, niko. Wakati mwingine nilikawia makusudi, nikijisikiliza ndani kama kuna kitu kinapanda, na uso wake ulikuwa unageuka rangi ya majivu. Mara mbili nilikohoa. Mara zote mbili alikuwa amesimama kabla sijamaliza, na daktari amekuja na kile kidude chake.

Yalipobaki masaa matano nilimwambia pole kwa tumbo lake. "Tumbo gani?" akasema.

"Si ulikuwa unaenda kule nyuma kila lisaa?"

Akainamisha kichwa. "Mke wangu aliniambia kila lisaa nikwambie usimame. Ningekwambiaje, mama? Niongee habari ya mguu wako? Nikaona heri niwe natoka mimi, nikae huko nyuma kitambo, ndio upate njia. Niliweka simu initetemeshe. Kila nikirudi nakuta umekaa vilevile, nikadhani ulishaenda ukarudi."

Nilimtazama. Mara saba kijana huyu alikuwa amenifungulia njia, akasimama kando ya choo na aibu yake akinipa robo saa. Mara saba mimi nilikaa nikimngoja arudi ili tusikutane. Kila mmoja alikuwa amempisha mwenzake kwa heshima zote, na heshima hizo karibu ziniue. Nilitaka kucheka nikaogopa kucheka, maana sikujua kucheka kunafanya nini damu iliyoganda. Nililia badala yake. Naye akaanza kulia, waziwazi, mkono mdomoni.

"Baba aliugua miezi minne," akasema. "Hakuna aliyeniambia. Walisema nisisumbuliwe, niko mbali. Mimi nimefika nikakuta jeneza. Mama, nimetoka kuzika mmoja. Siwezi kufika kwa binti yako na mwingine."

Nikamwambia anyamaze, nitafika. Sikuwa na hakika hata kidogo. Woga haukuwa umetoka, ulikuwa umekaa palepale kifuani, lakini sasa tulikuwa wawili tunaouchunga. Nikamwambia anisimulie babake. Akaniambia si yeye anayepaswa kuongea, ni mimi. Kwa hivyo nilimsimulia binti yangu, mke wake, alivyozaliwa, alivyochelewa kutembea, siku aliyoanguka kwa mtaro wa maji na kutoka ameshika chura. Nilisimulia mpaka sauti ikawa kama ya mtu aliyekesha kwa maombi. Kilomita kwenye skrini zilikuwa zinapungua pole sana. Elfu tatu. Elfu mbili na mia nane. Nikimaliza hadithi ya miaka kumi natazama, zimepungua mia mbili tu. Na bado jua lilikuwa nje, naliona kwenye ufa wa dirisha.

Tuliteremka Dallas saa kumi jioni na dakika chache, kama tiketi ilivyosema. Joto lilikuwa la tanuri. Watu wa gari la wagonjwa waliingia ndani ya ndege kabla ya mtu mwingine kuruhusiwa kusimama, wakanibeba kwenye kiti chembamba kupitia ileile njia niliyoiogopa. Mkwe alitembea kando yangu, ameshika soksi yangu mkononi kama kitu cha thamani. Hospitali walikuta damu imeganda mguuni, na kipande kidogo kilikuwa kimeshaanza safari, kimefika pafu la kulia. Kidogo, walisema. Una bahati, mama. Nililala huko siku sita, na mjukuu alizaliwa mimi nikiwa bado nimelala. Sikumwosha mimi siku zile za kwanza. Alimwosha babake, kijana wa watu, nikimwelekeza kwa simu.

Nilikaa huko mpaka madaktari waliporuhusu, nikarudi na sindano zangu, kiti cha njiani, na masaa yote nimeandikiwa kwenye karatasi kwa majira ya nyumbani. Mume wangu mpaka leo haniulizi habari za ile tiketi. Nimemwona akiitoa kwenye bahasha ya kaki, anaitazama, anairudisha. Mguu bado unafura nikikaa, kwa hivyo sikai. Watu wakiniuliza Amerika ni mbali kiasi gani, nawaambia sijui. Najua tu sehemu ya katikati.

Desemba iliyopita mkwe alikuja nyumbani na mtoto na mke wake. Nilisikia gari, nikasikia salamu kwenye uwanja, na mwili wangu wenyewe ukajua pa kwenda. Nilijikuta jikoni, mlango nimerudisha, sufuria ya chai ikichemka. Sikuona aibu. Ndivyo nilivyolelewa, na yeye pia. Nikapanga vikombe kwenye sinia nimpe wifi yangu, na kwa sababu ya haraka au sijui nini, nilisimama kidogo nikipumua, bila kufanya kelele yoyote.

Huko sebuleni mazungumzo yakakatika. Nikasikia kiti kikisogezwa, hatua zikaja mpaka mlangoni, zikasimama upande ule mwingine wa mbao. Hakusukuma mlango.

"Mama," akasema. "Uko?"

Nikaweka mkono kwenye mlango.

"Niko," nikamjibu.